Nyumba za Malazi na Sheria Iliyokosa Fasili

Makala haya yanaitazama sheria ya afya ya Uingereza ya mwaka 1851. Mwalimu wa lugha anaweza kufaidika nayo sawa na bwana afya.

Mwaka 1848 na 1849 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 50,000 katika Uingereza na Wales. Lawama nyingi ziliangukia nyumba za malazi za makabwela, ambamo mtu alilipa peni chache kwa usiku na kulala chumba kimoja na watu asiowajua, wanaume kwa wanawake, pengine wawili watatu kitanda kimoja. Lord Ashley, ambaye mwaka huohuo wa 1851 alirithi cheo cha Shaftesbury, alipeleka muswada bungeni. Ukapita. Kila nyumba ya namna hiyo ikatakiwa kuandikishwa na kukaguliwa. Jijini London kazi hiyo wakapewa polisi. Sheria ya Afya ya Jamii ya 1875 ilimtaka mwenye nyumba apake chokaa kuta na dari wiki ya kwanza ya Aprili na ya Oktoba, na atoe taarifa mara moja mgeni akishikwa na homa au maradhi ya kuambukiza. (Wakuu wengi waliamini maradhi huletwa na harufu mbaya. Hawakuwa sahihi, lakini usafi ulisaidia hata hivyo.)

Tatizo lilikuwa lugha. Sheria ya 1851 haikueleza waziwazi nyumba ya malazi ni ipi. Mwaka 1853 wanasheria wa serikali walitoa fasili: ni nyumba inayopokea maskini kwa muda mfupi, wasiojuana, wakaishi katika chumba kimoja. Wenye nyumba wakaona upenyo. Wengine walidai wageni wao ni ndugu zao. Baadaye, katika mitaa kama Spitalfields, wengine waligawa nyumba kuwa vyumba vyenye samani, kila wawili na chumba chao. Uchafu ulikuwa uleule, ila mkaguzi hakuwa na idhini ya kuingia.

Mwanafunzi anayetafsiri sheria hii atumie neno gani? "Bweni" na "dahalia" yanampeleka msomaji shuleni. "Gesti" inamhusu hata mwenye chumba cha peke yake. Mimi ningeandika "nyumba ya malazi ya pamoja", ingawa ni ndefu, kwa kuwa mahakamani neno lililobishaniwa lingekuwa hilo "pamoja".