Jua la Ituri si moja: dalili za kurudi kwa mvua

Sisi watu wa Ituri, katika maneno yetu ya kila siku, tuna majira mawili tu: wakati wa jua na wakati wa mvua. Mgeni akituuliza mvua inarudi lini, tunamjibu haraka: mwezi wa tatu. Jibu hilo ni la kweli kwa Bunia, na hata Bunia si kila mwaka. Lakini ukipanda Rethy, ukishuka Kasenyi, ukiingia pori la Mambasa au ukifika Aru, utakuta kila mahali pana jua lake na mvua yake. Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri sana, na walikuwa na dalili zao za kujua lini washike jembe. Katika kurasa hizi tunaeleza dalili hizo, na tunaeleza pia kilichozipata.

Tuanze na hapa mjini. Bunia iko kwenye mita karibu 1,275 juu ya bahari, kaskazini kidogo ya ikweta. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili upepo unatoka kaskazini-mashariki, upande wa Sudani, na ni upepo mkavu. Vumbi linaingia katika nyumba, katika nguo zilizoanikwa, na katika sufuria usipoifunika. Asubuhi kuna baridi, mchana jua linapiga, na jioni anga inakuwa nyeupe-nyeupe kwa sababu ya vumbi na ya moshi wa nyasi zinazochomwa. Milima unayoizoea inapotea kama mtu ameifuta.

Wakati huohuo ndugu zetu wa Lubumbashi wako katika mvua. Kule kipwa chao kinaanza mwezi wa tano, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unaomba blanketi nzito. Sisi miezi hiyo tuko katika potopoto. Hata likizo kubwa ya shule, mwezi wa saba na wa nane, inaangukia ukavu wa Kinshasa na wa Katanga, lakini huku watoto wanaikaa chini ya mvua. Nchi moja, mbingu mbili. Kwa hiyo mtu wa Bunia akisikia redio ya Kinshasa inasema msimu wa mvua umekwisha, asiweke jembe chini!

Tofauti hiyo kubwa inafahamika. Ile ndogo, ya humuhumu Ituri, ndiyo inayosahauliwa. Toka Bunia kwa njia ya Bogoro, ushuke mpaka Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Unashuka zaidi ya mita 600 kwa safari fupi. Juu uliacha koti, chini unavua shati. Mvua ya bondeni ni chache kuliko ya mlimani, na watu wa Kasenyi na Tchomia wameishi zaidi kwa samaki kuliko kwa jembe. Geuka sasa kaskazini, panda upande wa Djugu hadi Rethy na Kpandroma, zaidi ya mita 2,000 pengine. Kule, hata katikati ya jua, ukungu unaweza kulala shambani mpaka saa tatu, na mtu hatoki bila sweta. Ni nchi ya mbatata, kabichi na chai. Endelea hadi Aru, mpakani na Uganda na Sudani Kusini: kuko joto, na ukavu unakaa muda mrefu kuliko kwetu. Nyasi zinakuwa majani ya kuwasha moto tu.

Na pori? Mwaka wa 1887 Stanley alipita katika msitu wa Ituri na msafara wake, ambao sehemu kubwa ilikuwa watu wa Unguja, wasemaji wa Kiswahili. Waliondoka Yambuya mwezi wa sita, wakatembea siku karibu 160 chini ya miti, katika maji na njaa. Mwanzoni mwa Desemba wakatoka ghafula kwenye nyasi, wakaliona jua, na tarehe 13 mwezi huo wakaliona ziwa. Wenyeji wa Irumu hawawezi kushangaa: mpaka wa pori na nyanda ni mpaka wa hewa mbili. Upande wa Mambasa na Epulu wakati wa jua ni mfupi, mwezi wa kwanza na wa pili, na hata miezi hiyo mvua haikati kabisa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dalili, kwa sababu mvua ya kwanza haina maana moja. Kwa mkulima wa nyanda ni furaha. Kwa mkulima wa pori, Mlese kwa mfano, mvua inayotangulia ni msiba. Yeye anakata miti mwezi wa kwanza, anaiacha ikauke, anaichoma mwezi wa pili au mwanzo wa tatu, halafu anapanda. Mvua ikimkuta kabla ya moto, miti inabaki mibichi, shamba halichomeki, na mwaka huo atalima kidogo. Wingu lilelile, mmoja anapiga vigelegele na mwingine anashika kichwa. Kwa Wambuti ni kalenda nyingine tena: wao wanatazama maua ya miti mikubwa na nyuki, kwa kuwa msimu wa asali unakuja baadaye, katikati ya mwaka.

Juu ya nyanda, dalili ya kwanza ni ule mti wa magome manene na miiba, ambao wataalamu wa mimea wanauita Erythrina. Unaangusha majani wakati wa jua na kutoa maua mekundu ukiwa mtupu. Ukiona majani yake yanaanza kurudi, usikae tena. Inafuata sauti ya dudumizi, yule ndege anayelia kama maji yanayotoka kwenye chupa. Halafu korongo weusi wenye tumbo jeupe wanapita kwa makundi, wakielekea Sudani, na hao kweli wanafuata mvua. Upepo unageuka. Usiku, mtu aliye juu ya Bogoro anaona umeme ukicheza upande wa ziwa bila kusikia ngurumo. Mvua ikiisha kupiga mara mbili tatu, kumbikumbi wanatoka ardhini, na watoto wanajua kazi yao.

Tena kuna dalili ambayo wengi hawaihesabu: kuonekana kwa Ruwenzori. Wakati wa jua vumbi linaificha. Mvua ikisafisha hewa, mtu wa nyanda za kusini anaweza kuona theluji asubuhi. Stanley aliiona hivyo tarehe 24 Mei 1888, katika majira ya mvua. Watoto wetu walifundishwa na wazungu habari za baridi na za theluji ya Ulaya kama hadithi ya mbali, na theluji yao iko pale, kwenye mlima wa mita 5,109. Jua lenyewe ni moja: mwezi wa tatu, tarehe 20 au 21, linavuka ikweta kwenda kaskazini, na wazungu wanasema baridi yao imekwisha. Siku chache baadaye linapita sawasawa juu ya Bunia, na mvua inalifuata.

Dalili pekee hazikutosha. Palihitajika mwenye mvua. Kati ya Waalur, chifu alikuwa ndiye mshika mvua. Mtafiti Aidan Southall aliandika mengi juu ya hayo katika kitabu chake cha 1956, Alur Society. Jirani zao, Walendu na Waokebo, walikuwa wakimchukua mtoto wa chifu wa Kialur akae kwao, na mara nyingine walimteka kabisa, ili mvua iwafikie na ugomvi upate mwamuzi. Tunaona jambo hilo linastahili kufikiriwa polepole. Siku hizi tunasikia kwamba makabila ya Ituri yalikuwa adui tangu kale. Kumbe kulikuwa na miaka ambayo watu waliiba chifu kwa jirani juu ya kutafuta mvua! Na Waokebo, wahunzi hodari, walifua majembe ambayo jirani zao waliyahitaji kabla ya wingu la kwanza. Hatusemi palikuwa na amani tupu. Chifu aliyeudhika aliaminiwa kuwa anaweza kuzuia mvua, na hiyo ni nguvu ya kutisha.

Wabelgiji hawakuipenda nguvu hiyo. Kwa amri ya 1917 walileta mazao ya lazima, na pamoja nayo tarehe za kupanda kutoka ofisini. Baadaye shirika la INEAC, lililoundwa 1933, liliweka kituo chake huko Nioka, na mvua ikapimwa kwa milimita. Kazi ya Nioka ilikuwa nzuri, hatuikatai. Lakini kipimo cha Nioka ni cha Nioka. Hakimwambii mtu wa Kasenyi apande lini.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na vita. Ile ya 1999 hadi 2003 iliwatoa watu wengi vijijini. Kisha mwezi wa kumi na mbili 2017 fujo zikaanza tena Djugu, zikazidi mwezi wa pili na wa tatu 2018, yaani wakati uleule wa kutayarisha shamba. Maelfu walivuka ziwa kwenda Uganda, wengine wakafika Bunia na kulala chini ya maturubai, na baadaye katika kambi kama Kigonze. Mzee wa mlimani aliyefika mjini alikuja na elimu yake yote, lakini elimu hiyo ilikuwa ya kilima chake: mti fulani, chemchemi fulani, upande fulani ambako ukungu unavunjika. Hapa hana hata kimoja cha kutazama. Anapewa kipande cha ardhi cha kukodi, anapanda maharagi kwa hesabu ya kwao, na jua linarudi wiki mbili na kuyakausha. Mbegu ya kurudia ataipata wapi? Mjukuu aliyezaliwa kambini anajua siku ya kugawa chakula kuliko sauti ya dudumizi.

Tena mvua zenyewe zimekuwa na mambo yake. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za watu wa kando, Kasenyi na Tchomia.

Kwa hiyo siku hizi, mwezi wa pili ukielekea mwisho, mtu wa Bunia aliyekodi shamba hategemei dalili moja. Anatia vizio kwenye simu, anampigia shangazi wa Rethy, shemeji wa Mahagi, rafiki aliyebaki Aru. Kabla hata ya kuuliza habari ya watoto anauliza: "Kwenu imenyesha?" Wa Rethy anajibu ni manyunyu tu. Wa Aru anacheka: "Huku ingali jua, hata wingu hakuna." Na yeye anatoka nje, anatazama upande wa ziwa, halafu anaenda sokoni kuuliza bei ya mbegu.