Picha Pacha na Mchoro: Kutoka Unguja hadi Karagwe

Katika kufasiri maandishi ya historia, neno "picha" hutulazimu kuwa waangalifu. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzi wa safari wa John Hanning Speke, alipiga picha Unguja kwa kamera ya lenzi mbili. Kamera ya namna hiyo hutoa picha mbili zinazokaribia kufanana, moja kwa kila jicho; zikitazamwa pamoja kwa chombo chake, huonekana kuwa na kina. Tunapendekeza ziitwe "picha pacha".

Huko bara kazi hiyo ilionekana nzito mno kwa hali ya hewa. Speke akavirudisha vifaa, naye Grant akashika brashi na rangi za maji. Hivyo walipowasili Karagwe kwa Mukama Rumanyika, Novemba 1861, kamera haikuwapo. Speke alipoelekea Buganda Januari 1862, Grant alibaki kwa maradhi ya mguu hadi Aprili. Aliyoyaona huko aliyachora kwa mkono.

Mwalimu wa Karagwe, au wa Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, akiziita kazi hizo "picha" bila ya kufafanua, wanafunzi wataamini kuwa kamera ndiyo iliyoshuhudia, kumbe ni mkono wa mgeni uliochagua nini kiingie na nini kiachwe. Kwa hiyo, katika vitabu vya shule na maelezo ya makumbusho, "mchoro" litumike kwa kazi ya mkono, na "picha" kwa kazi ya kamera.