Alizeti ya Hanang na Ganda la Mbegu

Hakuna ua lililoenea Hanang na maeneo yenye joto ya Mbulu kama alizeti. Wengi hueleza jambo hilo kwa ukame: mzizi wake mkuu huzama chini kufuata unyevu, kwa hiyo mvua ikikatika mapema alizeti husimama pale mahindi yanapokauka. Ni kweli, ila haitoshi. Uvumilivu huo ni wa asili, na alizeti ililimwa Tanganyika muda mrefu kabla ya kuwa zao la kila kaya. Kilichoipa nafasi ni ganda la mbegu. Mbegu za zamani, zenye mistari na ganda gumu, zilihitaji mtambo mkubwa, na mitambo ilikuwa mbali. Mkulima aliuza gunia, kisha akanunua mafuta dukani. Mwaka 1985, Mbulu na Hanang zikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Arusha, mradi wa alizeti vijijini uliosaidiwa na mashirika ya Kilutheri ulizaa mashine ya kukamulia kwa mkono, iliyobuniwa na mhandisi Carl Bielenberg. Mtu anashika mpini mrefu, anausukuma juu na chini, pistoni inabana mbegu, mafuta yanachuruzika na mashudu yanatoka mbele kwa ajili ya mifugo. Lakini mashine hiyo haiwezi ganda gumu. Ilitaka mbegu nyeusi yenye ganda jembamba na mafuta mengi, na aina ya Record ilifaa. Hapo ndipo ua lilipochaguliwa kwa haki, na aliyechagua ni mwenye shamba dogo.

Tuilinganishe na ngano, maana ilipandwa wilaya hiyohiyo ya Hanang. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya Basotu, na baadaye shirika la umma la NAFCO likawa na mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Wafugaji Wabarabaig walipoteza malisho, na baadhi ya makaburi ya wazee wao yalipitiwa na jembe la trekta. Dhulma hiyo haifai kupitwa kimyamimya. Atakayepinga atasema ngano ilikuwa ya kulisha taifa, na kwamba vishamba vya ekari mbili visingejaza vinu vya miji. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini zao linalosubiri vipuri na mashine za kuvunia kutoka ng'ambo huanguka msaada ukikoma, na ndivyo ilivyotokea miaka ya 1990. Alizeti haikuhitaji mfadhili ili ipandwe msimu uliofuata.

Wengine watasema bei ndiyo inayoamua, si mbegu. Bei huyumba, hasa mafuta ya nje yanapoingia kwa ushuru mdogo, na mkulima huumia. Hata hivyo, mwenye mashine ya kukamulia kijijini ana pa kukimbilia zaidi kuliko anayemsubiri mnunuzi wa magunia.

Hatari iliyopo ni mbegu yenyewe kuharibika. Nyuki huchanganya chavua ya Record na ya shamba la jirani, na mbegu inayorudiwa bila kuchambuliwa hupungua mafuta mwaka hadi mwaka. Anayetunza mbegu achague vichwa vikubwa vya katikati ya shamba, vyenye punje nyeusi, avikaushe na kuvipura peke yake, wala asiache kazi hiyo hadi mavuno yamekwisha kuchanganywa ghalani.