Mgeni wa Unguja katika Mji wa New York, Mwaka 1840



Msafiri atokaye Tabora kwa gari la moshi kwenda Kigoma hupita Urambo na Kaliua, kisha hufika Usinge, kabla ya kuuvuka mto Malagarasi. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini zamani, kabla haijawekwa hata pau moja ya chuma, nchi hii ilikuwa nchi ya misafara. Watu walipita miomboni kwa miguu baina ya pwani na Ujiji: wakija bara walichukua nguo na shanga, na wakirudi pwani walichukua pembe za ndovu.

Katika nguo hizo, moja ilipendwa sana, nayo ikaitwa merikani. Wengi wetu tumelisikia jina hilo tangu utoto, wala hatukujisumbua kuuliza asili yake. Asili yake ni Marekani, kwa kuwa huko ndiko ilikofumwa. Leo nataka kuwasimulieni habari za mtu aliyetoka Unguja akavuka bahari, akauona kwa macho yake mji mkubwa wa nchi hiyo. Kisha tutarudi kwetu, tuulize jambo moja.

Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, alifanya mapatano ya urafiki na biashara na serikali ya Marekani. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Bwana Richard Waters, mtu wa mji wa Salem. Merikebu za Salem zilikuwa zikija Unguja kununua pembe, sandarusi na ngozi, na kuuza nguo. Seyyid Said akaona si vema wageni peke yao ndio waje kwake. Naye apeleke merikebu yake kwao. Akaichagua merikebu iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay, akamweka juu yake katibu wake, Ahmad bin Naaman, awe mjumbe wake.

Sultana ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Ndani yake mlikuwamo tende, kahawa, mazulia ya Kiajemi, karafuu, sandarusi, ngozi, na pembe za ndovu 108. Watu wa mji walipopata habari walikuja bandarini kwa makundi. Wengi wao hawakuwa wamepata kuona bendera nyekundu ya Seyyid, wala mabaharia wenye vilemba na kanzu. Ahmad alikwenda kuutazama mji, lakini kwanza mji ulikuja kumtazama yeye.

Na mji wenyewe ulikuwaje? Katika hesabu ya watu iliyofanywa mwaka ule ule, New York ilikuwa na watu 312,710, nao ulikuwa mkubwa kuliko miji yote ya Marekani. Gatini milingoti ilisimama kama msitu. Merikebu za moshi zilivusha watu kwenda Brooklyn, ambao siku zile ulikuwa mji mbalimbali, ng'ambo ya mto. Njia kubwa, iitwayo Broadway, ilipita katikati ya maduka, na usiku taa za gesi ziliwashwa. Palikuwa na reli ya kwenda Harlem, ambayo magari yake yalivutwa na farasi katikati ya mji na kwa mvuke nje yake. Miaka mitano kabla, mwezi wa Desemba 1835, moto mkubwa ulikuwa umeteketeza majengo karibu 700 katika mtaa wa wafanya biashara. Lakini Ahmad alipofika alikuta mtaa ule umekwisha kuinuliwa tena kwa mawe na matofali.

Hata hivyo mji huo wa fahari ulikuwa na kiu. Visima vyake vilikuwa vichafu, na maji safi ya mto Croton yalikuwa bado yakichimbiwa mfereji. Hayakuingia mjini mpaka mwaka 1842. Basi mwanafunzi asidhani kwamba mji mkubwa hauna shida. Mji ulioweza kuwasha taa za gesi ulikuwa ukihangaikia maji ya kunywa, kama kijiji chochote wakati wa kiangazi.

Wazee wa baraza la mji walimpokea Ahmad kwa heshima, wakamfanya mgeni wao. Merikebu yake ilikuwa imechakaa kwa bahari, basi serikali ikaitengeneza bila malipo katika gati la manowari huko Brooklyn. Ahmad alikuwa amechukua zawadi za Seyyid kwa Rais Martin Van Buren, na miongoni mwake walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali na upanga. Lakini sheria ya Marekani humkataza Rais kupokea zawadi za wafalme bila ruhusa ya Bunge. Rais hakuzichukua ziwe mali yake. Bunge likaamua zipokewe kwa ajili ya taifa zima. Farasi wakauzwa, na fedha zikatiwa katika hazina ya serikali. Hilo nalo lilikuwa jambo la ajabu kwa mtu aliyetoka katika nchi ambayo hazina ya dola na mfuko wa mtawala vilikuwa kitu kimoja.

Mchoraji mmoja, Edward Mooney, alimchora Ahmad, na picha hiyo ingalipo. Tunamwona amevaa kilemba chake, uso umetulia, macho yanatutazama. Mwezi wa Agosti alitweka tanga, na mwisho wa mwaka ule akafika Unguja salama, na merikebu imejaa nguo, shanga, bunduki na baruti.

Sasa turudi kwetu. Zile pembe 108 zilifikaje baharini? Pembe zilizouzwa Unguja siku zile zilitoka bara, na Unyamwezi ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa nyingi. Hapakuwa na gari wala punda wa kutosha. Pembe zilichukuliwa mabegani, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili au karibu yake, yaani zaidi ya kilo 30. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipokuja kutoka pwani mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kufika Tabora. Wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walioifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa sifa. Kijana ambaye hakuwa amepata kuiona pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa, waliokwenda wasikotaka, na karafuu iliyopakiwa katika Sultana ilikuwa imechumwa kwa jasho la watumwa.

Na ng'ambo ya bahari, je? Katika jimbo la New York utumwa ulikwisha mwaka 1827. Lakini merikani ilifumwa viwandani Massachusetts kwa pamba ya majimbo ya kusini, na pamba hiyo ililimwa na watumwa ambao asili yao ni Afrika. Hawakupata uhuru mpaka mwaka 1865. Fikirini jambo hili: mtu wa Unyamwezi alibeba pembe mpaka pwani, akalipwa nguo, na nguo ile ilikuwa imeanzia mikononi mwa mtu mwingine mweusi, aliyefungwa katika shamba la mbali. Watu hao wawili hawakupata kuonana kamwe. Pembe ilikwenda ikawa vitana na vibao vyeupe vya vinanda katika nyumba za matajiri. Pamba ilikuja ikawa nguo yetu ya harusi na sanda yetu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba iliadimika, na merikani pia. Baadaye nguo za Uingereza na za Bombay zilichukua nafasi yake sokoni, lakini jina likabaki. Mwaka 1871 mji ule ule wa New York ulituma mtu kwetu: gazeti la New York Herald lilimpeleka Stanley kumtafuta Livingstone. Alipofika Tabora aliikuta njia ya kupita Urambo imezibwa kwa vita vya Mirambo, akalazimika kuzunguka kusini mpaka Ujiji. Naye aliwalipa wapagazi wake kwa merikani.

Wahenga walisema, Asiyekuwapo na lake halipo. Ahmad alikuwapo New York, na picha yake ipo. Stanley alikuwapo Ujiji, na kitabu chake kipo. Mpagazi aliyebeba pembe hakuwapo mjini, wala hapana aliyemchora. Hata jina lake halikuandikwa katika hesabu ya mizigo, ingawa uzito wa pembe uliandikwa. Lakini bila bega lake merikebu ile isingalikuwa na pembe ya kupeleka.

Basi, ninyi wanafunzi mnaojua kuandika, waulizeni wazee wenu, wa Usinge na wa kila mahali njia hii ilikopita: babu zao walibeba nini, walilala kambi gani, walirudi na nini. Majibu yao yaandikeni. Mji wa New York umekwisha kuandika habari zake. Za njia hii zatungoja sisi.