Udongo Unaotoa Udongo

Kwenye droo ya chini ya kabati langu la zana kuna vitu viwili nilivyovifunga kwenye nailoni. Kimoja ni kipande cha klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi ya gari, chenye ukubwa wa sabuni ya kipande iliyokwisha nusu. Cha pili ni donge la sandarusi, kama kokwa la embe, rangi yake asali iliyokaa sana chupani. Klei ilitoka Japani ikapitia Muscat. Sandarusi ilitoka ardhini, hapa hapa Kinjumbi, wilayani Kilwa, babu yangu alipokuwa akichimba shimo la nguzo ya banda. Wateja wakiviona pamoja huuliza vimekutanaje. Jibu lake ni refu kuliko muda wa kuosha gari.

Mimi ni fundi rangi. Kazi niliisomea Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja mkali aliyetuanzisha wote kwenye kusugua. Mwaka mzima sikushika bunduki ya rangi. Nilishika msasa, maji na ndoo. Alikuwa akisema rangi anapiga yeyote, lakini bati lililoandaliwa vibaya litakusema hadharani. Nilimchukia kwa maneno yale mpaka nilipofungua kibanda changu kando ya barabara kuu iendayo Lindi, na mimi nikaanza kuwaambia vijana wangu hayo hayo.

Msasa wenyewe una ukoo hapa kwetu. Kabla haujawa karatasi yenye namba mgongoni, ulikuwa mti. Majani yake yana ukwaru wa ulimi wa paka, na maseremala walilainishia mbao kwa majani hayo. Karatasi ya dukani ilipoingia ilirithi jina, na siku hizi hata viongozi wanapelekwa semina "kupigwa msasa" bila kujua wanatajiwa jani. Wavuvi wa Somanga nao wana maandalizi yao. Mjomba wangu alisubiri maji ya bamvua, akakipandisha chombo juu pwani, maji yakitoka akakwangua chaza na ukoga, akapitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao, ndipo akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Ukipaka juu ya uchafu, alisema, umempa uchafu blanketi.

Sasa sandarusi. Msandarusi bado upo katika misitu ya pwani, kutoka Kenya hadi Msumbiji. Ukiuchanja hutoa utomvu unaoganda, na utomvu huo mbichi uliitwa chakazi. Bei yake ilikuwa ndogo. Mali ilikuwa ile iliyodondoka zamani mno: mti ukaoza, msitu ukahama, utomvu ukabaki chini ya mchanga mwekundu ukigeuka kuwa kitu kigumu kinachokaribia jiwe. Watu waliichimba baada ya mvua, ardhi ikiwa imelainika, kwa vishimo vya futi chache, wakaipeleka pwani kwa wanunuzi. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kilwa mwanzoni mwa 1859, aliieleza biashara hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1860. Humo anasimulia kwamba neno chakazi lilipofika kwenye ndimi za wafanyabiashara wa kigeni liligeuka likawa neno lao la punda dume. Babu nilipomsimulia hilo alicheka mpaka akakohoa. "Walitaka sandarusi wakapewa punda," alisema.

Donge likitoka ardhini halina sura ya kitu cha thamani. Limevaa gamba la mchanga na udongo, limechubuka, halipitishi mwanga. Gamba hilo likiondolewa, chini yake unakuta ngozi yenye vipele vidogo vidogo, kama ya bata bukini aliyenyonyolewa, na wanunuzi waliitambua sandarusi halisi kwa vipele hivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sandarusi, kabla ya kuwa chochote, ilikuwa kuoshwa.

Na hapo ndipo historia inaponiuma kidogo. Mwaka 1833 Seyyid Said, sultani aliyetawala Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alifika Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa ambacho hata leo bibi zetu wanakiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Sandarusi hiyo ilisafiri na gamba lake. Ilioshewa Salem, katika kiwanda cha Jonathan Whipple, ikilowekwa kwenye maji makali kama ya magadi mpaka udongo ukaachia. Udongo wa pwani yetu ulivuka bahari bure, na mshahara wa kuutoa akalipwa mtu wa ng'ambo. Utaratibu huo uliendelea hadi ushuru mpya wa Marekani wa mwaka 1861 ulipoubana. Hata jina hatukubaki nalo. Sokoni huko iliitwa sandarusi ya Zanzibar kwa sababu ndiko ilikouziwa, ingawa mashimo mengi yalikuwa huku bara.

Iliishia wapi? Kwenye mng'ao. Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ngumu iliyosifiwa kwa mabehewa ya farasi ya matajiri. Magari yalipoanza, walioyapaka rangi walikuwa mafundi wale wale wa mabehewa, kwa brashi zile zile. Gari moja lilipakwa tabaka baada ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke, likasuguliwa kwa unga laini wa mawe, kisha jingine. Kazi ilikula wiki nyingi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilitoa rangi ya kupuliziwa iitwayo Duco, inayokauka kwa saa chache, na zama za brashi zikaanza kufungwa. Sandarusi yetu haikusubiri msiba huo. Ile ya Kongo, pamoja na gundi ya kauri ya New Zealand, zilikuwa zimekwisha kuinyang'anya soko, na watu wa bara ya Kilwa walikuwa wamegeukia mpira wa porini. Mashimo yakafukiwa na mvua.

Miaka mingi nilipiga rangi bila kujua habari hizi. Nilichojua ni kwamba gari linaweza kuoshwa vizuri na bado likawa chafu. Chukua mfuko mwembamba wa nailoni, uvae kama glavu juu ya vidole, upapase boneti iliyotoka kuoshwa. Utasikia chembe kama mchanga wa pwani uliobaki miguuni. Hizo ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, matone ya lami, ukungu wa rangi uliopeperuka kutoka gari la jirani, utomvu wa mwembe au mkorosho lilipoegeshwa gari. Sabuni haizitoi kwa sababu zimejishikiza ndani ya kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Chembe ya chuma hupata kutu humo humo ikawa alama ya kahawia. Sisi tulizitoa kwa njia mbili: mafuta ya taa kwa lami, na kompaundi kwa mengine yote. Kompaundi inakula. Kila ukiipitisha unapunguza kliya, na gari lililong'arishwa mara nyingi mno linabaki uchi.

Klei niliiona mara ya kwanza kwa mpwa wangu aliyekuwa akiosha magari Muscat. Alikuja likizo na kiboksi kidogo, akaniambia, "Mjomba, nimekuletea udongo." Nikamwambia Kinjumbi hatujapungukiwa. Kukifungua nikadhani ni udongo wa watoto wa chekechea kuchezea. Akachukua chupa ya maji ya sabuni, akapulizia mlango wa gari lililokuwa kivulini, akaukanda ule udongo kiganjani kama mfinyanzi anayeanza chungu, akaubapa, akaupitisha kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Mwanzoni ulikwaruza kwa sauti. Baada ya mipito michache sauti ikafa. Aliugeuza akanionyesha: udongo wa kijivu ulikuwa umejaa madoa meusi. Nilipapasa mlango ule, kisha mlango wa pili ambao haukuguswa, na nilijisikia kama mtu aliyekuwa akipika bila kuonja.

Kitu hiki kwa asili ni cha Japani. Mwaka 1995 Tadao Kodate alipewa hataza ya Marekani kwa kile alichokiita jiwe la kunolea linalonyumbulika: chembe laini za kusugulia zilizofungwa ndani ya kitu cha kunata. Mafundi bodi walikitumia kutoa ukungu wa rangi uliorukia magari mengine. Kutoka karakana kikafika Texas, Marekani, kisha kwenye rafu za maduka. Jina lake ni udongo, lakini hakitoki mtoni. Hufanya kazi kwa kuteleza juu ya maji ya sabuni, na kila kinachochomoza juu ya rangi hukutana nacho, hung'oka, na kuzama ndani yake. Udongo huo ukichafuka unaukunja, unapata uso mpya. Haufuti mikwaruzo, na ukimaliza ni lazima upake nta, kwa maana umeondoa kila kitu, ulinzi pia.

Sharti moja lilinigharimu. Nikiwa na wiki mbili tu za ujuzi, klei iliniponyoka ikaanguka chini. Niliiokota, nikaifuta kwenye suruali, nikaendelea na boneti nyeusi ya mteja. Mchanga wa Kilwa ulikuwa umeingia ndani yake. Nilichora boneti ile kama mtoto aliyepewa msumari, na nikaipiga rangi upya kwa pesa zangu. Siku hiyo ndipo nilipolitoa donge la babu na kuliweka droo moja na klei, ili nikumbuke. Sandarusi ilikaa mchangani miaka isiyohesabika ndipo ikapata thamani. Klei ikigusa mchanga mara moja, imekufa.

Kwa nini kazi hii imefika huku sasa na si zamani? Ni barabara. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilibaki cha udongo miaka kama kumi mingine. Masika malori yalizama mpaka kwenye ekseli, abiria wakalala njiani, wakapikiwa uji na wanavijiji. Gari lilifika likiwa limevaa matope mpaka kwenye vioo, na hakuna aliyeulizia mng'ao. Tope, hata hivyo, lina adabu: ukilimwagia maji linaondoka. Lami ilipokamilika katikati ya miaka ya 2010, yakaja magari ya kukimbia, mengi yakiwa mitumba ya Japani yenye kliya ya kiwandani, na yakaja na uchafu usio na adabu: matone ya lami, vumbi la breki za mteremkoni, chumvi ya bahari. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalipokata barabara Somanga na foleni ikalala siku kadhaa, tope la zamani lilirudi kutusalimu. Vijana wangu waliosha magari usiku na mchana, na klei haikutoka drooni hata mara moja. Haikuwa na kazi.

Wiki iliyopita alikuja dereva wa Noah nyeupe kutoka Nangurukuru. Alitaka polishi. Nilimpa bei mbili, ya polishi peke yake na ya polishi baada ya klei, na ya pili ilikuwa mara mbili ya kwanza. Alikunja uso. "Fundi, yaani nikulipe kutoa kitu nisichokiona?"

Nilitaka kumsimulia Salem, meli na maji ya magadi. Jinsi babu wa babu zetu walivyouza donge na gamba lake, na aliyelitoa gamba ndiye aliyekula. Lakini alikuwa na abiria wanaosubiri, wamekaa kwenye benchi na mihogo yao ya kukaanga. Nikamvalisha nailoni mkononi, nikamwambia apapase.

Alipapasa boneti, akasimama. Akapapasa tena pale pale. Kisha akawageukia abiria: "Jamani, nendeni mkale kabisa. Tutachelewa."

Bei sikuipunguza.