'Panal': Mkate wa nyuki katika Kihispania

Msomaji mmoja ameniuliza kama neno la Kihispania 'panal' lina maana ya mzinga wa nyuki. La hasha! Mzinga ni 'colmena'. 'Panal' ni sega lililomo ndani yake, yale matundu ya nta yenye pembe sita ambamo nyuki huweka asali na kulea majana.

Kilatini kiliita sega 'favus'. Kireno na Kiitaliano vikalirithi neno hilo, navyo husema 'favo' hadi leo. Kihispania kikashika njia yake: kikachukua 'pan', yaani mkate, kikapachika '-al' mwishoni. Kwa nini mkate? Wengine watakwambia eti ni kwa sababu sega hutafunwa. Mimi naona sababu ni umbo. Katika Kihispania 'pan' ni bonge lolote lililoshikamana mfano wa mkate. Kuna 'pan' ya sabuni, ya chumvi, hata ya tini. Mswahili hana haki ya kushangaa. Wazee wetu walisema mkate wa tumbaku, na sijasikia aliyeuliza chai iko wapi.

Neno halikukwama kwa nyuki. Nyigu nao wana 'panal', ijapokuwa haina asali. Kisha kuna 'panal' ya sukari, kitu chepesi chenye vitundu kama sifongo, ambacho Wahispania walikiyeyusha katika maji wakanywa. Na katika ngano za Félix María Samaniego, zilizoanza kuchapishwa 1781, nzi wanavamia 'panal' kwa ulafi, miguu inanasa, wanafia papo hapo. Wangevamia mzinga, nyuki wangewatimua mlangoni na hadithi isingekuwepo.

Hapo ndipo mfasiri anapopaswa kuwa macho. Camilo José Cela, aliyetunukiwa Nobel mwaka wa 1989, aliichapishia riwaya yake *La colmena* mjini Buenos Aires mwaka wa 1951, kwa kuwa wakaguzi wa serikali ya Franco walikuwa wameikataa Uhispania. Imejaa watu wa Madrid baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe: njaa, madeni, mikahawa, vyumba vya kupanga. Akitokea wa kuitafsiri kwa Kiswahili, tafadhali asiiite *Sega*. Sega lina utamu, na utamu ni adimu mno mle. *Mzinga* litafaa, hata kama muuza vitabu ataiweka kwenye rafu ya mambo ya vita.