Mwalimu wako wa mazoezi, yeye alifundishwa na nani?

Wadau, fukwe zetu za kaskazini mwa Dar, kuanzia Kawe na Kunduchi hadi Bagamoyo kwenyewe, zina watu wengi wanaotafuta kupunguza kitambi, na walimu wa mazoezi nao hawakosekani. Tatizo ni namna tunavyowachagua. Tunatazama kifua. Akiwa na mwili wa baunsa tunampa hela, wiki ya pili kiuno kinalia.

Mie nadhani kuna swali linalotangulia misuli: yeye alifundishwa na nani, na kwa muda gani?

Swali hilo nchi hii iliwahi kulichukulia kwa uzito. Mwaka 1965, mwaka ule ule Tanzania na China ziliposaini mkataba wa urafiki, vijana 20 wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Walirudi 1969. Hesabu mwenyewe: miaka minne! Si semina ya siku tatu yenye posho na cheti. Waliporudi ndipo kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Reli ya TAZARA tunaikumbuka sote, hawa tumewasahau.

Baadaye vikundi vya sanaa vya taifa vikavunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Sarakasi ikaingia darasani pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Ndiyo maana nasema mkazi wa Bagamoyo anayelalamika kwamba hajui mwalimu mzuri anafananaje, ana mfano mlangoni kwake.

Tazama sarakasi inavyofundishwa. Hakuna anayeanza na samasoti. Kwanza unapasha mwili moto, unanyoosha viungo, unajifunza kuanguka bila kuvunjika shingo. Ukijaribu kupinduka, mwalimu yuko pembeni, mkono tayari kukudaka mgongoni. Na ile piramidi ya watu ndiyo mtihani wenyewe: wa chini akipangwa kabla hajawa tayari, wote wanaporomoka. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwalimu ni kujua nani bado.

Sasa mlinganishe na yule anayekupigia kelele "ongeza, ongeza!" bila kukuuliza kama una presha, kisukari au goti bovu. Kweli, kuruka kamba si kupanda juu ya mabega ya mtu. Lakini mgongo ni ule ule mmoja, na ukiharibika bili ya hospitali utalipa wewe.

Ningekuwa natafuta mwalimu leo, ningemwomba nikae pembeni siku moja kabla ya kulipa hata senti. Nisingemwangalia yeye akinyanyua vyuma. Ningeangalia anamfanyaje yule mama mnene aliye nyuma kabisa, anayehema na ameshika kiuno.